MTIHANI UNAOPIMA WASAA

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni ya kweli, na imewafaa watu wengi. Lakini methali njema huweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia mnyonge. Nchini Marekani leo hii wapo vijana, na wapo watu wazima wenye watoto, ambao mchana huwageuza wagonjwa vitandani, huendesha magari ya wagonjwa au hupanga bidhaa madukani, na usiku hufungua vitabu vya kemia ili kujitayarisha kwa Mtihani wa Kuingilia Vyuo vya Udaktari, unaojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, MCAT. Wakilalamika kwamba saa hazitoshi, hupewa jibu moja tu: panga vizuri wakati wako. Amka mapema zaidi. Punguza usingizi. Mwenye nia ya kweli hakosi nafasi.

Jibu hilo ni la udanganyifu. Makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini.

Huenda ndugu msomaji akauliza mtihani wa Wamarekani unatuhusu nini sisi wa huku. Unatuhusu, kwa sababu swali lililo ndani yake tulipata kuliuliza wenyewe: nani anastahili kufunguliwa mlango wa chuo kikuu, na je, kazi aliyokwisha kuifanya katika maisha yake ihesabiwe ama isihesabiwe? Tuliliuliza mwaka 1974 pale Musoma, na huko tutarudi. Kwanza tuutazame mtihani wenyewe.

MTIHANI WENYEWE

MCAT husimamiwa na Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani. Katika sura uliyopewa mwaka 2015, una sehemu nne: kemia na fizikia, usomaji na uchambuzi wa maandishi, biolojia na kemia ya viumbe, na mwisho saikolojia pamoja na elimu ya jamii. Maswali yote ni 230. Mtahiniwa hukaa mbele ya kompyuta kwa saa sita na robo za kujibu maswali, na ukijumlisha mapumziko, siku yake huliwa saa saba na nusu. Kila sehemu ina alama kuanzia 118 hadi 132, na jumla yake huanzia 472 hadi 528. Katikati ya ngazi hiyo ni 500.

Katika mwaka wa masomo ulioanza 2023, watu zaidi ya 52,000 waliomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya chama hicho, na walioingia walikuwa karibu 23,000. Wastani wa alama za walioingia ulikuwa kati ya 511 na 512. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama katikati kabisa ya ngazi, asiye mjinga wala mvivu, yuko mbali na mlango. Anayetaka kuingia hana budi kupanda, na kupanda kunataka saa.

Ada ya kufanya mtihani huo imezidi dola 330. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani ni dola 7 na senti 25 kwa saa, na hakijaongezwa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Kwa mfanyakazi anayelipwa kima hicho, ada peke yake ni mshahara wa zaidi ya saa 45, yaani juma zima la kazi na ziada, kabla hajanunua mkate wala hajalipa pango. Baada ya hapo zipo ada za kupeleka maombi, zinazotozwa kwa kila chuo, na mwombaji wa kawaida hupeleka maombi katika vyuo vingi. Tena zipo kampuni za biashara zinazouza mafunzo ya matayarisho kwa maelfu ya dola. Hapo ndipo elimu inapogeuzwa bidhaa sokoni, na mwenye fedha hununua kwanza.

Ni haki kusema kwamba chama hicho kina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Mpango huo hupunguza ada na kutoa vitabu vya mazoezi bila malipo, na si jambo la kubezwa. Lakini msaada huo unagusa fedha za mtihani. Haugusi kile kitu ambacho mfanyakazi amenyimwa kuliko vyote, nacho ni wasaa.

HESABU YA SAA

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Washauri wengi wa mtihani huu hutaja saa 300 au zaidi za matayarisho. Tuichukue 300.

Mwanafunzi wa kwanza ni mtoto wa mwenye nacho. Majira ya kiangazi hana kazi ya kuajiriwa. Analala kwao, anakula kwao, nguo zake zinafuliwa kwao. Anasoma saa nane kwa siku, siku tano kwa juma, na mwisho wa juma anapumzika. Saa zake 300 zinakwisha katika muda usiozidi majuma manane. Anaingia katika chumba cha mtihani akiwa na yote aliyoyasoma kichwani, mabichi.

Mwanafunzi wa pili ni mama mwenye mtoto mmoja, mhudumu katika makao ya wazee. Akitoka kazini anapika, anamwogesha mtoto, anamlaza. Inapofika saa nne za usiku anaweza kujipatia saa moja na nusu, iwapo mtoto haumwi na iwapo yeye mwenyewe hakuitwa kushika zamu ya mwenzake. Tumpe saa moja na nusu kila usiku, siku saba za juma, bila kupumzika hata Jumapili. Atazimaliza saa zake 300 baada ya miezi sita na nusu. Na atakapofika mwisho, aliyoyasoma mwezi wa kwanza yatakuwa yamekwisha kufifia, kwa hiyo itambidi arudie, na saa 300 zitakuwa 400.

Watu hawa wawili wanakaa siku moja, katika chumba kimoja, mbele ya maswali yale yale. Karatasi ya matokeo haitaonyesha lolote kuhusu majuma manane ya mmoja na miezi sita ya mwenziwe. Itaonyesha tarakimu tatu tu. Mmoja akipata 514 na mwingine 503, watasema wa kwanza ana kipaji. Nani ameuliza ni akili kiasi gani iliyohitajika kupata 503 baada ya zamu ya saa kumi kazini?

Na kama mama yule angetaka kusoma kama mwenzake, ingembidi aache kazi. Saa 300 kwa kima cha chini ni dola 2,175 za mshahara alizozikosa. Hiyo ndiyo bei halisi ya matayarisho kwa mfanyakazi, na haiandikwi katika orodha yoyote ya ada. Mtoto wa mwenye nacho hailipi, kwa sababu wazazi wake walikwisha kumlipia. Kumwambia mama huyu apange vizuri wakati wake ni sawa na kumwambia mwenye shamba la robo eka avune kama mwenye eka mia, kwa kupanga mistari vizuri.

Liko jambo jingine la kushangaza. Sehemu ya nne ya mtihani, iliyoongezwa mwaka 2015, inamtaka mtahiniwa aeleze jinsi tabaka la mtu linavyoathiri afya yake na uwezo wake wa kuifikia huduma. Haya ni mambo mema kufundishwa. Lakini mama yule halihitaji somo hilo katika kitabu, maana analiishi. Naye ndiye atakayepoteza alama kwa kuwa hakupata wasaa wa kukariri majina ambayo wataalamu wameyapa mateso yake.

MTIHANI ULIVYOZALIWA

Tusiwe watu wa kulaumu bila kujua historia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vyuo vingi vya udaktari Marekani vilikuwa biashara tupu. Mwenye ada aliingia, akasikiliza mihadhara michache, akatoka daktari. Mwaka 1910 Abraham Flexner, kwa udhamini wa Taasisi ya Carnegie, alichapisha taarifa yake baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Canada. Taarifa hiyo iliwaumbua matapeli, na vyuo vingi vya hovyo vikafungwa. Ilikuwa kazi ya maana.

Lakini katika kufagia huko, wanyonge nao walifagiliwa. Vyuo vya udaktari vya Wamarekani weusi vilikuwa saba. Katika miaka iliyofuata vitano vilifungwa, vikabaki viwili tu: Howard katika mji wa Washington na Meharry katika mji wa Nashville. Kiwango kilipandishwa, wala hakuna aliyewapa watu weusi fedha za kukifikia. Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia hii: ukipandisha kizingiti bila kujenga ngazi, umefunga mlango, hata kama hukukusudia kuufunga.

Mtihani wenyewe ulianza mwaka 1928. Wakati huo wanafunzi wengi walikuwa wakiacha masomo, na katika baadhi ya vyuo hata nusu yao hawakumaliza. Vyuo vilitaka chombo cha kutabiri nani ataweza. Nia ilikuwa njema. Ila chombo kilichoundwa ili kuwabagua wasioweza na wanaoweza kimegeuka kuwa chombo cha kuwapanga wanaoweza kwa safu, kuanzia wa kwanza hadi wa elfu hamsini, na safu hiyo imefuata mfuko wa baba.

Si maneno yetu. Mwaka 2018 chama hicho hicho cha vyuo kilichapisha uchambuzi wa miongo mitatu ya wanafunzi wake. Ukizigawa kaya za Marekani katika mafungu matano kwa kipato, takribani robo tatu ya wanafunzi wa udaktari walitoka katika mafungu mawili ya juu. Miaka thelathini, na picha haikubadilika. Ama tuamini kwamba akili ya udaktari huzaliwa katika nyumba za matajiri peke yake, ama tukubali kwamba njia yenyewe ina kasoro. La kwanza ni upuuzi. Linabaki la pili.

WANAOUTETEA

Watetezi wa mtihani wana hoja, na si vyema kuzipita kimya.

Kwanza wanasema kwamba daktari asiyejua kemia ya viumbe ni hatari kwa mgonjwa. Ni kweli, na hatudai vinginevyo. Lakini takwimu za chama chenyewe zinaonyesha kwamba wengi wa wanaoingia na alama za kati huvuka mwaka wa kwanza na kuendelea. Ikiwa mwenye alama za kati anaweza kuwa daktari kamili, tofauti ya alama kumi juu yake inamlinda mgonjwa yupi?

Pili wanasema kwamba bila mtihani, jina la chuo alikosoma mtu na ujuani ndivyo vitakavyotawala, na mtoto wa mnyonge atazidi kuumia. Hoja hii ina uzito. Mtoto wa chuo kisichojulikana huweza kuutumia mtihani kujionyesha. Ndiyo maana hatusemi mtihani uchomwe moto. Tunasema ufanywe kizingiti cha kuvuka, usifanywe mashindano ya mbio ambamo wengine wamefungwa mizigo mgongoni.

Na uzoefu upo. Katika jiji la New York, chuo cha udaktari cha Mount Sinai kilianza mwaka 1987 kuwapokea baadhi ya wanafunzi wa masomo ya lugha na historia bila kuwadai mtihani huu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, ingawa katika mtihani wa kwanza wa leseni alama zao zilikuwa chini kidogo, katika kazi ya wodini na katika kuhitimu hawakupitwa na wenzao. Wanafunzi wa mwanzo wa mpango huo walitoka katika vyuo vyenye majina makubwa. Kwa hiyo mfano huu hautoshi kusema kwamba mnyonge amefunguliwa mlango. Unatosha kusema kwamba kufuli likiondolewa, nyumba haianguki.

Kaskazini mwa jimbo la Ontario huko Canada, kipo chuo cha udaktari kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005 kwa ajili ya kuwapatia watu wa sehemu zile za mbali madaktari wao wenyewe. Hakidai mtihani huo. Hutazama, pamoja na mengine, mwombaji amekulia wapi. Na huko Havana, Kuba ilifungua mwaka 1999 Chuo cha Udaktari cha Amerika ya Kilatini, ambacho kimewasomesha bure hata vijana maskini kutoka Marekani yenyewe, kwa ahadi ya kurudi kutumikia watu wa mitaa iliyosahauliwa. Kisiwa kidogo kilichowekewa vikwazo kinawasomeshea matajiri watoto wao maskini! Mwenye macho haambiwi tazama.

TULIYOYAONA SISI

Sasa turudi kwetu. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kazi kwanza, kwa miaka miwili angalau, na wale aliofanya kazi nao waseme ni mtu wa namna gani. Uamuzi huo ulikuwa na matatizo yake. Barua ya mapendekezo yaweza kuandikwa kwa upendeleo. Masomo ya sayansi yalikosa waombaji wa kutosha, na utaratibu ukalegezwa, kwa wanawake na kisha kwa masomo hayo. Hatuutaji ili kuutukuza bila kuupima.

Tunautaja kwa sababu ya wazo lililokuwa ndani yake, nalo halijazeeka. Wazo hilo lilisema kwamba kazi ni sifa. Mtu aliyefanya kazi na watu, akaamka alfajiri, akawajibika, hakupoteza wakati wake. Ameongeza kitu ambacho darasa haliwezi kumpa. Marekani imechukua njia iliyo kinyume: kazi ya mshahara ni mzigo unaompunguzia mtu alama, na wasaa wa kutofanya kazi ndio unaomwongezea.

Hata katika hospitali zetu tulikuwa na ngazi ya namna hiyo. Kwa miongo kadhaa mganga msaidizi wa kijijini aliweza, baada ya miaka ya kazi, kurudi masomoni akawa tabibu, na tabibu naye akarudi akawa daktari msaidizi. Upasuaji mwingi wa kuwaokoa kina mama wajawazito katika hospitali za wilaya na za misheni umefanywa na mikono ya watu waliopanda ngazi hiyo. Hawakuulizwa kama walikuwa na kiangazi kizima cha kujifungia na vitabu. Waliulizwa wamefanya nini, wakapewa muda wa kusoma kilichobaki.

Nasi tusijisifu kupita kiasi. Mzazi wa Dar es Salaam anayemlipia mwanawe tuisheni kila jioni, na mzazi wa kijijini ambaye mwanawe hurudi shuleni akachote maji, wanatupeleka katika njia ile ile ya Wamarekani. Tofauti ni kwamba wao wamekwisha kufika, sisi tuko njiani, na aliye njiani bado anaweza kugeuka.

NINI KIFANYIKE

Mambo manne hayana budi kudaiwa.

Kwanza, alama za mtihani ziwe kizingiti. Kila chuo kitangaze kiwango ambacho mtu akikivuka anahesabiwa kuwa anaweza masomo, na kuanzia hapo alama zisitumike tena kumpanga mtu juu ya mwenzake.

Pili, kazi ya mshahara ihesabiwe wazi wazi, hasa kazi ya kuhudumia wagonjwa, na malezi ya watoto na wazazi wazee yahesabiwe pamoja nayo. Isiwe kwamba kijana aliyejitolea bila malipo juma moja katika zahanati aonekane ana moyo wa huruma kuliko mhudumu aliyeosha wagonjwa miaka mitano kwa sababu tu huyu wa pili alilipwa.

Tatu, hospitali zitoe likizo ya masomo yenye malipo. Hospitali za vijijini na za mitaa ya maskini huko Marekani zinalia kwa uhaba wa madaktari, na katika wodi zile zile wamo wahudumu na wauguzi wanaotamani kuwa madaktari. Likizo ya majuma manane kwa mfanyakazi aliyeonyesha uwezo ni gharama ndogo kuliko kiti cha daktari kinachokaa kitupu mwaka baada ya mwaka.

Nne, matayarisho ya mtihani yatolewe katika soko la biashara na kuwekwa katika vyuo vya umma, jioni na mwisho wa juma, pakiwa na mahali pa kuwaacha watoto. Jambo hili la watoto laonekana dogo kwa asiyekuwa nao. Kwa mama mwenye mtoto ndilo linaloamua kama atasoma ama hatasoma.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kushusha kiwango. Waulizwe ni kiwango cha nini. Mgonjwa anayelala katika hospitali ya mbali hana haja ya kujua daktari wake alipata 514 ama 506. Ana haja ya daktari aliyefika, anayeijua kazi yake, asiyetafuta njia ya kuhamia mjini kila kukicha, na anayeelewa kwa nini dawa ya kumeza mara tatu baada ya chakula haimfai mtu anayekula mara moja kwa siku. Elimu ya namna hiyo yule mama wa zamu ya usiku anayo tayari. Kemia iliyobaki anaweza kufundishwa. Apewe muda.